SOMO: Umemaliza kozi ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) na huwezi kuandika kitu? Tengeneza daftari la madeni

Wadau habari zenu. Swali la "nimemaliza kozi mtandaoni, video zote nimeangalia, ila nikikaa mwenyewe siwezi kuandika chochote" nimelijibu inbox hadi nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa na akija mwingine mumuelekeze huku.

Ukifuata video, mwalimu ndo anaamua kila kitu, we unaandika anachoandika. Siku ukibaki na faili tupu unakwama maana kuamua hujawahi kufanya. Tafuta kazi moja ndogo ambayo kuna mtu anaisubiri. Yangu ilikuwa programu ya daftari la madeni la duka la shangazi, na naishauri kwa sababu hakuna mtaa usio na duka wala duka lisilokopesha unga.

1. Weka Python. Kwenye laptopu pakua kutoka python.org, kwenye simu ya Android tumia app ya Pydroid 3.

2. Nenda dukani uombe kuona daftari lenyewe, usibuni majina kichwani. La shangazi lilikuwa na Mama Asha wawili, mmoja kaandikwa "wa kisimani", halafu kuna mtu kakopa 3,500 kalipa 2,000 na kabla hajamaliza iliyobaki kakopa sukari tena. Kozi yangu haikunifundisha hayo.

3. Andika kwenye karatasi mambo matatu tu: kuongeza deni, kupunguza deni, kuonyesha jumla. Mambo ya nywila na rangi baadaye.

4. Kumbuka input(), ile inayopokea anachoandika mtumiaji, inakupa maandishi. Ukijumlisha 5000 na 2000 bila kuyageuza namba kwa int() utapata 50002000.

5. Kuhifadhi. HAPA TULIA. Mimi nilifungua faili la madeni kwa "w" (yaani kufungua kwa kuandika upya) halafu ndo nikaanza kupiga hesabu na kuandika mteja mmoja mmoja. Ile "w" inafuta kila kilichomo papo hapo faili linapofunguliwa, kabla hujaandika hata herufi. Sasa siku hiyo shangazi kaingiza 3,500 na koma yake kama alivyozoea kwenye daftari, int() haikubali koma, programu ikafia katikati na faili likabaki na mistari miwili. Madeni ya wiki tatu yamepotea na daftari la karatasi alishaliacha kwa sababu mimi ndo nilimwambia aliache. Alizunguka kuwauliza wateja mmoja mmoja, wengine wakakana. Iliniuma sana na bado inaniuma. Kwa hiyo: toa koma kwanza kwa replace(",", ""), piga hesabu zote, andika kwenye faili jipya madeni_mpya.csv, lifunge, halafu ndo ulibadilishe na la zamani kwa os.replace(). Ikifia njiani, la zamani lipo. Na daftari la karatasi LISIACHWE mpaka mwezi mzima upite bila tofauti.

6. Mpe mwenye duka atumie, kaa pembeni, usimuelekeze. Anapokwama andika.

MASWALI

Mdau: Mkuu tupia code nzima basi tucopy tujaribu.
Jibu: Hapana. Rudi hatua ya 2.

Mdau: Kwani Python inalipa kuliko JavaScript?
Jibu: Somo halihusu hilo.

Mdau: Ila mkuu unajibu kwa ukali, sisi ni wageni.
Jibu: Mgeni aliyejaribu namjibu usiku wa manane, ndugu. Wewe umeandika mstari gani mpaka sasa? Uweke hapa tuuone.

Mdau (dada wa Tabora): Kaka nimefika hatua ya 4, nikaongeza na kilo za sukari. Nikijumlisha 0.1 na 0.2 inaleta 0.30000000000000004. Nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea dada, na nimefurahi umeliona mwenyewe. Kompyuta inahifadhi desimali kwa mfumo wa 0 na 1, na moja ya kumi haiingii humo kamili, kama vile kumi kugawa kwa tatu isivyoisha kwenye karatasi. Kilo ziweke kwa gramu, 1500 badala ya 1.5, na pesa ziwe shilingi nzima. Ukilazimika kutumia desimali kuna moduli ya decimal, inakuja na Python yenyewe. Ukimaliza tuonyeshe, hata kama ni ovyo.

Mdau: Kwa nini usitumie SQLite (hifadhidata ndogo), hilo la faili kufutika lisingekupata.
Jibu: Kweli kabisa, na sqlite3 ipo ndani ya Python, husakinishi kitu. Ila usisahau commit(), amri ya kuhifadhi ulichoingiza, la sivyo ukifunga programu ulichoingiza hakipo. Mimi nashauri faili la kawaida kwanza, mtu ajue kinachotokea, wiki ya pili ahamie huko.

Mdau: Naongezea, tarehe andikeni mwaka kwanza, 2024-03-09, zitajipanga zenyewe. Mimi nilianza na siku mbele, kila kitu kikavurugika.
Jibu: Asante sana mkuu, hii naipandisha juu.

Mdau: Sina laptopu na bando ndo hivyo tena, nitaweza?
Jibu: Utaweza. Pydroid ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti. Uliza tu ukikwama, na ujumbe wa kosa uuweke wote, hasa mstari wa mwisho.

Mdau: Na simu ikiibiwa?
Jibu: Kila jioni shangazi akifunga duka nalituma faili kwenye WhatsApp yangu mwenyewe, na jina la faili lina tarehe.