Somo: kuitia gesi ya kupikia (LPG) trekta kuukuu ya petroli (soma lote kabla ya kuuliza)

Salaam aleikum wenzangu. Wiki haipiti bila mtu kunijia hapa Jomvu na swali lile lile: ile Ferguson yako ya gesi uliifanyaje? Nimeamua kuandika mara moja. Trekta ni Ferguson TE20 ya petroli, silinda nne, aliyotuachia marehemu baba. Inavuta trela la nazi na kulima shamba letu Kikambala. Jambo lenyewe si geni, maana huko Marekani kiwanda cha Minneapolis-Moline kilianza kuuza matrekta ya gesi mwaka 1941.

Nasema kuhusu injini yenye plagi. Dizeli huwaka kwa joto la mgandamizo, haina plagi, kwa hivyo somo hili si la trekta ya dizeli.

Hatua ya 1. Pima mgandamizo wa silinda zote na urekebishe vali. Injini inayokula oili haiponi kwa gesi.

Hatua ya 2. Umeme. TE20 za mwanzo zilikuwa na volti 6. Tia wa volti 12, maana vali ya umeme ya kukata gesi huuzwa ya 12. Iunganishe ili injini ikizima, gesi ikatike yenyewe.

Hatua ya 3. Tenki la gesi liwe lile la magari ya gesi, lenye vali ya usalama na kikomo cha kujaza asilimia 80. Ile nafasi ya juu ni ya gesi kutanuka juani, usiibanie. Lifunge kwa mikanda ya chuma yenye mpira chini yake, mbali na ekzosi. Hewa ya bahari hula chuma, basi kila baada ya miezi michache fungua mikanda uangalie kutu chini yake.

Hatua ya 4. Rediusa. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hivyo someni polepole. Gesi hutoka tenkini ikiwa maji maji, na rediusa ndiyo inayoigeuza mvuke kwa kutumia maji moto ya injini. Mimi niliifunga juu, karibu na boneti, kwa kuwa palikuwa na nafasi na spana inaingia vizuri. Nikawasha, ikanguruma safi, nikaingia shambani. Dakika ishirini hivi, injini ikaanza kukohoa kila nikigeuza mwisho wa mstari. Nikafungua boneti: rediusa imevaa barafu nyeupe, na bomba la gesi limeganda hadi kwenye klipu. Jua la kaskazi linanichoma shingo na kidole changu kinanata kwenye barafu! Hewa ilikuwa imejikusanya ndani ya rediusa kwa sababu ilikuwa juu kuliko rejeta (kipoza maji ya injini), na maji moto hayakupita hata tone. Gesi ya maji ikaanza kupenya kwenda kwenye injini. Siku ile nilikuwa na bahati kwamba niliizima mapema.

Kwa hivyo: rediusa ikae CHINI ya usawa wa juu wa rejeta. Maji yachukuliwe kwenye silinda hedi kabla ya themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto), yarudi upande wa pampu. Ukishajaza maji, washa kwa petroli na ushike mipira yote miwili ya maji ya rediusa. Ikiwa mmoja ni moto na mwingine ni baridi, toa hewa kwanza. Usifungue gesi mpaka yote miwili iwe moto. Na kila siku iwashe kwa petroli, uhamie gesi injini ikishapata joto.

Hatua ya 5. Mixa, yaani kichanganyio cha gesi na hewa, hukaa kwenye njia ya hewa kabla ya kabureta. TE20 huvuta hewa kutoka chini kwenda juu, basi angalia usiifunge kichwa chini. Kaza klipu, hewa ya wizi huharibu kila kitu.

Hatua ya 6. Povu la sabuni kwenye kila kiungo. Si kiberiti, wala laita. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa kwenye shimo la gereji bila wewe kuona. Fanya kazi nje. Sote tuliona mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, Februari 2024.

Hatua ya 7. Plagi ziwe na mwanya mdogo kidogo, mimi natumia milimita 0.6. Sogeza distribyuta (kigawa cheche) mbele nyuzi chache ili cheche itangulie, kisha sikiliza ikiwa na mzigo, si ikiwa imesimama.

Maswali

Kijana wa Mtwapa: Nina Massey Ferguson 135 ya dizeli, hizi hatua zinafaa?
Jibu: Aya ya pili.

Baba Zuhura, Likoni: Fundi, mtungi wa jikoni wa kilo 13 nikiufunga nyuma si ni rahisi zaidi?
Jibu: Hapana. Mtungi wa jikoni hutoa mvuke wa juu tu. Injini ikivuta kwa nguvu mtungi unapoa, shinikizo linashuka, trekta inakufa. Ukiulaza, unapeleka gesi ya maji kwenye mpira usiotengenezwa kwa hilo.

Baba Zuhura: Lakini nimemwona mtu Kongowea ameufunga.
Jibu: Mimi sikufungii, hata ukilipa mara mbili.

Bi Mkulima: Samahani fundi, mimi si wa gereji. Barafu inatoka wapi na Mombasa ni moto hivi?
Jibu: Swali zuri, dada yangu. Unaujua mtungi wa udongo wa maji ya kunywa? Unatoka jasho, jasho linakauka, maji yanapoa. Kinachogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwa kilicho karibu. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri, hivyo zinachemka kwa nguvu mno kuliko jasho la mtungi. Maji moto ya injini ndiyo yanayorudisha lile joto. Yakikosekana, barafu.

Bi Mkulima: Nimeelewa kabisa, ahsante. Na inakula kiasi gani?
Jibu: Lita ya gesi ina takriban robo tatu ya nguvu ya lita ya petroli, kwa hivyo lita zitazidi. Linganisha bei siku unayonunua. Faida nyingine ni kwamba oili hukaa safi muda mrefu, na gesi haichachi tenkini trekta ikilala msimu mzima.

Mwanagenzi wa Changamwe: Viti vya vali havitaungua?
Jibu: Gesi ni kavu, viti vya zamani (pale vali zinapokalia kwenye hedi) huliwa. Pima mwanya wa vali mara kwa mara. Ukiona unazidi kupungua, peleka hedi ikawekwe viti vigumu.

Mzee wa Kisauni: Rejeta yangu naijaza maji ya kisima, yana chumvi kidogo. Yatadhuru rediusa?
Jibu: Yatadhuru, mzee wangu. Njia za maji za rediusa ni nyembamba, magadi yakijaa unarudi kwenye barafu ile ile. Tumia maji ya mvua.

Bi Mkulima: Mimi hukinga ya masika kwenye pipa la plastiki. Mvua ya kwanza naiacha ioshe bati, ya pili ndiyo naikinga.
Jibu: Hilo naliongeza kwenye somo. Mzee, mchukulie dumu moja.