Kusimama na chi asubuhi ya baridi

Ukifunua sufuria ya wali wa mchele wa Kyela ulioiva, tazama mvuke unavyopanda. Anzia hapo. Mama mmoja wa Kichina, mteja wangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, alinichorea kwa chaki ya kushonea herufi ya zamani ya neno chi: juu mvuke, chini mchele. Nilidhani chi ni mambo ya miujiza, kumbe imeanzia jikoni. Ni pumzi, ni mvuke, ni nguvu tunayoipata kwenye chakula na hewa. Katika maandiko ya Zhuangzi, mwanafalsafa wao wa kale, uhai wa mtu ni chi iliyokusanyika. Ikitawanyika, ndiyo kifo.

Kwa hiyo usitafute mwanga wala umeme mwilini. Wewe simama.

Zoezi lenyewe huitwa zhan zhuang, yaani kusimama kama nguzo. Mimi husimama uani kabla sijafungua cherehani. Juni na Julai vaa sweta, funga khanga kiunoni na ujibanze upande usio na upepo. Wachina huuhesabu upepo miongoni mwa vyanzo vya maradhi, na bibi yangu kule Tukuyu alituambia hivyo hivyo bila kuwasoma.

Miguu iachane kwa upana wa mabega, nyayo zielekee mbele. Legeza magoti kidogo, kama mtu aliyetaka kukalia stuli akaghairi. Inua mikono usawa wa kifua, kama umekumbatia tenga tupu la nyanya. Sasa angalia mabega. Sisi washonaji yanatupanda hadi masikioni siku nzima wala hatujui, na shingo inakaza kama kamba. Yashushe. Baada ya pumzi tatu yatakuwa yamepanda tena. Yashushe tena, bila kujikasirikia.

Pumua kwa pua, taratibu, tumbo la chini lijae lenyewe. Mawazo yatulize vidole vitatu chini ya kitovu, mahali wanapopaita dantian, shamba la dawa ya uhai. Husema nia ikifika, chi nayo hufika. Usisukume pumzi.

Wiki ya kwanza dakika 3 zinatosha. Mimi nilianza na dakika 20 kwa pupa, goti likanisumbua siku kadhaa. Mapaja yatatetemeka, viganja vinaweza kupata joto. Kizunguzungu kikija, kaa chini. Na dawa za presha usiache: chi haina kipimo cha hospitali, na zoezi hili si badala ya daktari.

Ukimaliza usikimbilie simu. Shusha mikono polepole, laza viganja kimoja juu ya kingine chini ya kitovu, ungoje pumzi itulie. Wakati huo mimi husikia mabasi ya Tunduma yakipiga honi barabarani, na vidole vimeshapata joto la kutunga uzi kwenye sindano.