Kuonjesha juisi ya mabibo: kwa mdogo wangu anayesoma shahada ya uzamili

Mtu wa Newala akikaribishwa kitu hasemi ni kibaya. Ataonja, atatikisa kichwa, atasema "kitamu, mwanangu", kisha kikombe atakiweka pembeni kikiwa nusu. Ukijaza dodoso kwa maneno hayo, tasnifu yako ya lishe itaonyesha juisi zote zinapendwa sawasawa, na msimamizi atakuuliza ulikwenda kufanya nini.

Unamaliza masomo ya darasani SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kule Morogoro, unataka kurudi nyumbani na mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayoshika korosho. Vizuri. Mabibo yana vitamini C kushinda machungwa mara kadhaa, na msimu wa korosho mengi yanaozea chini ya mikorosho. Tatizo ni ukakasi, ule wa tanini unaokausha ulimi. Ukichemsha sana juisi ili kuupunguza unapoteza vitamini C, kwa hiyo pima vitamini na uonjeshe watu kutoka chungu kilekile, siku ileile. Wengi hupima maabara mwezi huu na kuonjesha mwezi ujao, halafu wanalinganisha vitu viwili tofauti.

Barua zianze mapema. Kibali cha maadili kwanza, kisha barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, ukishuka hadi mtendaji wa kijiji. Mabibo hayasubiri mihuri. Oktoba ikifika yanaanguka, na tunda lililookotwa leo kesho limeshaanza kuchacha. Wakati wa kunyonyoa korosho angalia usipasue ganda, mafuta yake yanababua ngozi na midomo.

Sasa kuonjesha kwenyewe. Usikae mezani na waonjaji. Mwenye juisi akikaa pale, kila mtu anaonja uso wake. Mtafute kijana asiyejua ipi ni ipi, yeye ndiye agawe. Vikombe viwe vyeupe, vya aina moja, juisi ya kiasi kimoja na ubaridi mmoja, kutoka kwenye deli moja. Viandike namba za tarakimu tatutatu za kuokota tu, kama 418 au 735. Ukiandika "1" na "2", watu wataona ya kwanza ndiyo bora. Na mpangilio ubadilike kwa kila mwonjaji, maana ukakasi hulimbikizana mdomoni na kikombe cha mwisho huonewa. Baina ya vikombe wape maji ya kusukutua na kipande cha muhogo uliochemshwa bila chumvi, wapumzike kidogo.

Usianze na "umeipenda?". Anza na vikombe vitatu, viwili vya juisi moja na kimoja cha nyingine, na umwambie achague kilicho tofauti. Swali hilo halina adabu ndani yake, halimsifu mtu wala kumtukana. Mipangilio ya vikombe iko sita, kwa hiyo watu 30 ni idadi nzuri, kila mpangilio unapata watu watano. Kwa kubahatisha tu, 10 hivi watapatia. Wakifika 15, tofauti ipo kwa kiwango cha asilimia 5, yaani kubahatisha tu kungefikisha hapo chini ya mara 5 katika 100. Wasipofika, usilazimishe.

Upendeleo upime siku nyingine, kwa watu wengi zaidi, wasiopungua 60. Vitabu vitakupa kipimo cha hatua tisa, toka kuchukia kabisa hadi kupenda mno, kilichotokana na jeshi la Marekani lilipotafiti chakula cha askari. Vijana wa chuo wanakiweza. Kwa bibi zetu mimi natumia nyuso tano za kuchora, na kila mmoja anaweka alama faraghani, nyuma ya pazia la khanga. Kisha pima kwa silinda juisi iliyobaki kwenye kila kikombe. Namba hiyo wengi hawaichukui, nami naiamini kuliko nyuso zote.

Kabla ya yote uliza nani anadhurika na korosho, nani ana kisukari, nani ametoka kubwia ugoro. Wasiwasi mwingine ni uraka, ile pombe ya mabibo: wazee watakuuliza kama juisi imechachuka, nao wana haki. Eleza kwamba imekamuliwa asubuhi hiyohiyo, ukiweza ikamulie mbele yao. Mwezi wa Ramadhani mchana usiitishe kikao, na Ijumaa maliza kabla ya saa tano.

Shikamoo zipite zote, hata kama foleni ni ndefu. Asante, iwe sabuni au kilo ya sukari, itolewe mwisho, sawa kwa wote, pamoja na aliyeonja kikombe kimoja akasema basi.