Kupeleka watoto na nyanya Impala ya Kisumu bila kurudi mmenuniana

Kama una watoto wa umri tofauti na nyanya yao anataka kutoka pia, usianze na mbuga ya Ziwa Nakuru. Ile park ni kubwa, ni kuzunguka na gari siku mzima, na mgongo wa mzee hautakusamehe. Anza na Impala Sanctuary hapa Kisumu, iko kando ya ziwa ukielekea ufuo wa Dunga, tuktuk kutoka tao ni mwendo mfupi na ndani mnatembea kwa miguu. Simba, chui na fisi wako ndani ya uzio, swala wenyewe wanajitembelea tu kwa nyasi.

Cha maana ni kupanga siku kwa mwendo wa nyanya. Watu wengi hufuata watoto, halafu saa sita mzee amechoka, mdogo analia, na yule wa miaka 14 amevaa earphone hataki kuongea na mtu.

Fikeni asubuhi. Simba anaweza lala hata masaa 20 kwa siku na chui ni mnyama wa usiku, so mkienda jua kali mtaona mkia tu umening'inia. Na mnajua jua la Kisumu, halafu jioni mvua ya ziwa inakuja bila hodi, sana sana kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano.

Tiketi za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) zinalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, sio cash, kwa hivyo maliza hiyo kazi ukiwa nyumbani kabla hujasimama langoni na network inazunguka. Mpe huyo wa miaka 14 simu alipe yeye, akipewa kazi ya maana hanuni. Beba kitambulisho cha nyanya na uulize kama wazee wana nafuu.

Maji usibebe kwa chupa za plastiki za kutupa, zilikatazwa kwenye hifadhi za wanyama tangu 5 Juni 2020. Beba chupa ya kawaida ya kujaza, chakula weka kwa dishi lenye kifuniko kinachobana. Kifuniko si mapambo, ni kwa sababu ya tumbili. Tumbili haji mbele, anakaa juu ya mti anaangalia pembeni kama hana habari na nyinyi, mtoto akifungua tu mandazi anashuka nyuma yake na ule mkono mweusi mdogo, mandazi imeenda na mtoto bado anaangalia vidole vyake. Msimfukuze na msimrushie chakula, anauma. Kuleni haraka, funikeni.

Nyanya mtafutie kivuli penye anaona ziwa, mtandikie leso ama beba kile kiti cha kukunja, dawa zake za presha ziwe kwa mkoba wako sio kwa gari. Mtu mzima mmoja abaki naye. Watoto waende kuzunguka kidogo, warudi wampe ripoti. Wape vitu vya kutafuta: swala pala gani ana pembe (ni dume peke yake), madoa ya chui yamekaa kama maua lakini ya duma ni nukta nzima nzima na ana mistari miwili meusi kutoka machoni, sitatunga ana kwato ndefu zinazopanuka ndio asizame kwa matope. Kwa fisi nendeni na nyanya mwenyewe, pole pole, kwa sababu hapo ndio stori za Kijaluo za Apwoyo (sungura) na Ondiek (fisi) zinatoka bila kuombwa, na hata yule wa earphone anatoa moja sikioni.

Ukingoni mwa ziwa msisogee sana, kiboko mchana hukaa majini na mnaweza msimwone mpaka apumue.

Nyanya akisema tu "hapa pako sawa, nyinyi endeleeni", hiyo maana yake ni twende. Usingoje aseme mara ya pili.

Lunch ni Dunga, hapo karibu. Agizeni samaki mkifika tu kwa sababu kukaanga kunachukua muda, ngege (tilapia) kwa nyanya anayejua miba, mdogo mpeni mbuta (sangara), haina miba mingi. Na bei ulizeni kabla samaki hajaingia kwa mafuta.