Kazi ya Kutunza Miti Ughaibuni: Ujue Mti Kabla ya Kuukwea

Katika miji ya Ulaya na Amerika Kaskazini, kutunza miti ni fani yenye masomo, mitihani na viwango vyake, na mwanadiaspora anayetaka kuiingia hana budi kuanzia ardhini. Kwa kawaida mgeni hupewa kwanza kazi ya kukusanya matawi, kuyasaga kwa mashine na kumshikia kamba mwenzake aliye juu. Asiidharau, kwa sababu usalama wa mkweaji hutegemea sana aliyesimama chini.

Nchini Uingereza, waajiri huulizia vyeti vya msumeno wa injini vya mashirika ya Lantra au City & Guilds, na cheti cha kuutumia ardhini hakitoshi kwa anayeukamata akiwa ananing'inia kwenye kamba. Nchini Marekani hutafutwa zaidi cheti cha International Society of Arboriculture, chama cha kimataifa cha watunza miti, ambacho kwa asiye na masomo ya chuo huhitaji uzoefu wa miaka 3 kabla ya mtihani.

Mimi ningesisitiza zaidi elimu ya mti wenyewe. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti ili kuichunguza ndani, alionyesha kwamba jeraha la mti haliponi kama la mwili wa mtu. Mti hulizingira kwa ndani ili uozo usienee, kisha huliotea tabaka jipya kwa juu. Ndiyo maana tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, ili gome lisichanike, pili kwa juu, mbele kidogo ya hapo, mpaka tawi lidondoke, na mwisho huondolewa kipande kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe ulio kwenye maungio, bila kuugusa. Mteja akitaka kilele chote kikatwe, mweleze kwa upole kwamba machipukizi yatakayofuata hushikiliwa na tabaka la nje tu, hivyo huvunjika upepo ukivuma.

Kabla ya kukubali ajira, hakikisha kibali chako kinaruhusu kazi hiyo na kwamba mwajiri ana bima ya ajali. Tangu mwezi wa kwanza, omba barua zinazotaja tarehe na majukumu yako, kwani ndizo zitakazothibitisha uzoefu wako utakapojiandikisha kwa mtihani.