Namna ya kuona kimeng'enya kikifanya kazi kwa kutumia ini na haidrojeni peroksaidi

Anayetaka kuelewa jinsi vimeng'enya vinavyoharakisha mimenyuko ya kikemikali katika viumbe hai asianze na mchoro wa kitabuni. Aanze na ini la ng'ombe na chupa ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile dawa ya kusafishia vidonda inayopatikana katika maduka ya dawa.

Mimina vijiko viwili vya peroksaidi katika kila moja ya glasi tatu safi. Ya kwanza iache kama ilivyo. Katika ya pili tia kipande kibichi cha ini, kidogo kama harage, na katika ya tatu tia kipande cha ukubwa uleule kilichochemshwa kwa dakika 10 kisha kikapozwa. Hakikisha kimeiva hadi ndani, kwa sababu kiini kikibaki kibichi kitakupa jibu la uongo. Usiikaze glasi kwa kifuniko, kwani gesi itakayotoka inahitaji njia.

Glasi ya kwanza itaonekana imetulia. Peroksaidi huvunjika yenyewe kuwa maji na oksijeni, lakini polepole mno, kwa kuwa kila molekuli ni lazima kwanza ipate nishati ya kutosha kuvuka kizingiti cha mmenyuko. Katika glasi ya pili povu jeupe litapanda papo hapo, na kijiti chenye kaa jekundu kikiingizwa ndani ya povu hilo kitang'aa zaidi au kuwaka tena, ishara kwamba gesi hiyo ni oksijeni.

Kinachofanya kazi hapo ni katalesi, kimeng'enya kilichopewa jina hilo na mwanakemia Oscar Loew mwaka 1900. Ni protini iliyokunjwa kwa namna ya pekee, yenye mfuko mdogo ambao ndani yake mna chuma. Peroksaidi inapoingia katika mfuko huo, viungo vinavyoshikilia atomi zake hulegezwa na mmenyuko hupita njia yenye kizingiti cha chini. Hili wengi hulikosea: kimeng'enya hakiongezi nishati yoyote, hupunguza tu ile inayohitajika ili mmenyuko uanze. Molekuli moja ya katalesi huweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde, na yenyewe haitumiki ikaisha. Ukitaka kulithibitisha hilo, subiri povu litulie, mwaga kimiminika, kisha ongeza peroksaidi mpya juu ya kipande kilekile. Kitatoa povu tena.

Kwangu mimi, glasi ya tatu ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote. Ini lililochemshwa hutoa mapovu machache sana au halitoi kabisa, ingawa chuma chake bado kimo, kwa sababu joto limeikunjua protini na ule mfuko umepoteza umbo lake.

Asiyepata ini atumie kiazi mviringo kibichi, ambacho pia kina katalesi, ila povu lake huwa dogo na hupanda taratibu.