Miale inayopenya kwenye herufi: hatua kwa hatua ndani ya After Effects

Jikoni kwa nyanya yangu, Vihiga, bati lilikuwa na tundu la msumari uliong'oka. Jua likipanda kidogo, mwale mmoja mwembamba ulishuka kutoka pale hadi karibu na mafiga. Kuni mbichi zikifuka moshi, mwale ule ulionekana mzito kama fimbo, mpaka sisi watoto tukawa tunanyoosha mikono kuushika. Moto ukishika vizuri na moshi ukaisha, mwale ulitoweka, likabaki doa la mwanga tu kwenye udongo.

Siku hizi natengeneza vichwa vya video hapa Kisumu: harusi, kwaya, matangazo ya maduka. Kila nikifungua efekti ya miale narudi kwenye jiko lile. Ili mwale uonekane, lazima pawe na kizuizi chenye upenyo, na hewani pawe na kitu cha kuunasa mwanga, iwe moshi, vumbi au ukungu. Plagini, yaani kiongezo chenye efekti hiyo, haikuletei hayo. Inachukua sehemu zinazong'aa kwenye picha na kuzivuta kutoka kwenye nukta moja, basi. Kizuizi na moshi utavileta wewe, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Tutaangazia neno NURU. Natumia CC Light Burst 2.5 kwa sababu inakuja pamoja na After Effects, programu ya Adobe ya kutengeneza video, hulipii chochote zaidi. Majina ya vitufe nimeyaacha yalivyo kwenye skrini ili uyapate kwa urahisi.

Hatua ya 1: Andaa uwanja

Fungua kompozisheni mpya ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, urefu sekunde 6. Chini weka mandharinyuma ya buluu iliyokolea sana, karibu na nyeusi. Miale haina pa kuonekana penye mwangaza. Juu yake andika NURU kwa herufi nyeupe na nene, ukiacha nafasi ya kutosha kati ya herufi. Nafasi hizo ndizo zitakazotenganisha mwale na mwale, kwa hiyo usizibane.

Hatua ya 2: Tenga leya ya miale

Bonyeza Ctrl+D kunakili leya (tabaka) ya maandishi. Ile ya chini hutaigusa tena, ndiyo itakayosomeka. Chagua ya juu, bonyeza Ctrl+Shift+C, uipe jina "miale", halafu uchague "Move all attributes into the new composition". CC Light Burst huivuta picha yote unayoipa, haikuachii herufi safi ndani yake. Ukiwa na leya moja tu utapata mwanga mzuri na neno lisilosomeka.

Hatua ya 3: Leta moshi

Hapa nakuomba usiharakishe.

Miaka ya mwanzo nilipewa kazi na kwaya moja. Niliweka efekti moja kwa moja juu ya maandishi meupe, nikapandisha nguvu ya mwanga hadi 400, nikaona nimemaliza. Mwalimu wa kwaya alitazama kimya, kisha akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, mbona jina letu limefunikwa na ukungu?" Nikamjibu, "Nitalirekebisha, mwalimu." Nililala usiku huo bila kujua nitarekebisha nini. Herufi nyeupe tupu ni sawa na bati lote kung'olewa: mwanga unaingia kila mahali, na hakuna mwale hata mmoja.

Basi ingia ndani ya "miale". Bonyeza Ctrl+Y utengeneze solidi nyeusi (leya ya rangi moja tupu), uishushe chini ya maandishi. Tengeneza solidi nyingine, uiweke juu ya maandishi, na uipe efekti ya Fractal Noise. Badilisha Mode ya leya hiyo iwe Multiply. Kama huioni safu ya Mode, bonyeza F4. Sasa herufi zitakuwa na mabaka, pengine nyeupe, pengine giza, na kila penye weupe patatoa mwale wake.

Contrast ipandishe hadi 250 hivi. Brightness ishushe hadi -20. Kisha chezea Scale huku ukitazama herufi moja tu, tuseme R. Mabaka yakiwa makubwa kuliko unene wa mguu wa R, herufi nzima itawaka au kuzimika kwa pamoja, na itaonekana kama taa mbovu. Yakiwa madogo kama punje za mchanga, miale itarudi kuwa ukungu. Mimi hutafuta mabaka matatu au manne kwenye mguu mmoja wa herufi. Kwa maandishi makubwa mara nyingi naishia Scale ya 40 hadi 60.

Moshi hautulii. Shika Alt, bonyeza saa ndogo iliyo kando ya Evolution, kisha uandike time*60. Mabaka yatageuka nyuzi 60 kila sekunde, na miale itapepea polepole. Ukiweka 200 itatetemeka, na kichwa cha video cha kwaya hakitaki kutetemeka.

Hatua ya 4: Weka efekti

Rudi kwenye kompozisheni kuu. Tafuta CC Light Burst 2.5 kwenye Effects & Presets, uiburute hadi kwenye "miale", na Mode ya leya iwe Add. Weusi wote utapotea, mwanga utabaki. Kwenye Burst chagua Fade ili ncha za miale zififie. Intensity iache karibu na 100 kwa sasa, Ray Length iwe 120.

Nukta inayoitwa Center ndiyo jua lako. Wengi huiacha katikati ya neno, na miale ikatawanyika pande zote kama mlipuko. Inafaa kwa tangazo la mnada, si kwa asubuhi. Jua halisi liko mbali mno, kama kilomita milioni 150, kwa hiyo miale yake hutufikia ikiwa sambamba. Inaonekana kutawanyika kwa sababu ya umbali tu, kama vyuma viwili vya reli vinavyoonekana kukutana mbele ukisimama katikati ya njia. Ukitaka mwanga unaofanana na wa jua, peleka Center juu na nje kabisa ya fremu, kwa mfano 960 kwa -300. Miale itashuka ikiwa karibu sambamba, na jicho litaamini.

Hatua ya 5: Isogeze

Kwenye sekunde 0 bonyeza saa ndogo za Ray Length na Center. Ray Length ianze na 0, ifike 120 kwenye sekunde 1.5, irudi 0 kwenye sekunde 5. Center itembee kutoka 500 hadi 1400 kwa upana, urefu wake usibadilike. Chagua almasi zote (alama za keyframe zinazotokea kwenye mstari wa muda), bonyeza F9 ili mwendo uanze na kuisha taratibu. Mwishoni shusha Opacity ya "miale" hadi 0, maana maandishi yako yakiwa na rangi, yale mabaka yatabaki yameganda juu yake.

Hatua ya 6: Rangi

Nenda ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, jioni, jua likizama upande wa ziwa, utazame vizuri. Karibu na jua mwanga ni mweupe wenye umanjano, unavyosogea mbali unakuwa wa chungwa, kisha unazama kwenye giza. Weka efekti ya Tritone chini ya CC Light Burst: Highlights nyeupe yenye umanjano kidogo, Midtones chungwa, Shadows nyeusi kabisa. Shadows ikiwa na rangi yoyote, skrini yote itachafuka kwa sababu ya ile Add.

Ukiwa na Shine ya Trapcode, inayouzwa sasa na Maxon, kazi inapungua: Shimmer hukatakata miale bila Fractal Noise, na Colorize ina rangi za ngazi kadhaa tayari. Ni plagini nzuri. Lakini jifunze kwanza njia hii, ndipo utajua namba za Shimmer zinafanya nini.

Hatua ya 7: Kabla ya kurenda (kutoa video iliyokamilika)

Kompyuta ikilemewa, punguza ubora wa kutazamia uwe Half au Quarter. Bonyeza Ctrl+S kila mara. Stima haipigi hodi ikipotea.

Miale inayofifia taratibu kwenye giza hutoa mistari kama ngazi, na WhatsApp ikiibana video mistari inazidi. Shika Alt, bonyeza maandishi ya "8 bpc" (kina cha rangi) chini ya paneli ya Project yawe 16, kisha weka leya ya marekebisho (Adjustment Layer) juu ya zote yenye Noise ya asilimia 2. Chembe hizo ndogo huvunja ngazi.

Mwisho muulize mteja video itaonyeshwa wapi. Kwenye simu, hivi ilivyo inatosha. Kwenye projekta, kanisani saa nne asubuhi madirisha yakiwa wazi, nusu ya miale itamezwa na mwanga wa nje. Nakala hiyo ipandishie Intensity hadi 160 na uirende kando.